Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Milaya kwa Wikendi Moja Juba

Kazi iliyokuleta Juba imesimama hadi Jumatatu, na ukingo wa Nile umeshaupiga picha pande zote. Usikate tamaa. Mji huu una sanaa, ila sanaa yenyewe imetandikwa kitandani. Inaitwa milaya: shuka la pamba lililodariziwa kwa mkono na mwanamke wa Sudan Kusini, maua kwa ndege, rangi juu ya rangi. Mwongozo huu utakutoa kwenye ushamba na kukufikisha kwenye ubingwa kabla ndege yako haijaruka.

Vifaa: miwani ya jua, skafu ya pamba hata kama joto linachoma, simu yenye kamera nzuri, na dola zisizo na mikunjo. Subira haihitajiki, hiyo alishaitumia aliyedarizi.

Hatua ya 1: Usiulize shuka ni la nini

Ukiuliza utajibiwa. Utaambiwa milaya hutandikwa mgeni anapokuja, hutundikwa ukutani nyumba ipendeze, humsindikiza binti anapoolewa, huachiwa na mama kwa mwanawe, na huuzwa karo ya shule inapodaiwa. Majibu hayo ni mafupi mno na yanaeleweka na kila mtu, kwa hiyo hayamfai mtaalamu. Wewe sema ni “turathi inayozungumza,” halafu nyamaza kidogo, kama mtu anayeisikia.

Hatua ya 2: Geuza upande wa nyuma

Hapa ndipo mabingwa wanapotambulikana. Shika pembe ya shuka, ligeuze, kisha guna. Mbele kuna ua. Nyuma kuna hesabu ya ua. Utaona vifundo mahali uzi ulipoishia, na uzi mwekundu uliorukia petali ya pili bila kukatwa, kwa sababu uzi hununuliwa kwa pesa. Ukisogeza macho karibu zaidi, huenda ukaona mstari wa kalamu ukichungulia pembeni mwa jani: mchoro ulitangulia, sindano ikaufuata, na mahali fulani sindano ikaamua njia yake. Kule sindano ilikoacha mstari ndiko kwenye mkono wa fundi. Hilo ni kweli tupu, kwa hiyo usilitaje mbele ya watu. Sema tu, “Angalia mvutano huu.” Hakuna atakayeuliza mvutano wa nini na nini.

Hatua ya 3: Fasiri kila kiumbe

Ndege hawezi kuwa ndege tu. Ndege mmoja ni upweke, wawili ni ndoa, watatu ni siasa. Tausi anaashiria kiu ya taifa lililopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Fundi akikuambia kwamba alimchora tausi kwa kuwa tausi anapendeza, au kwa kuwa uzi wa buluu ulikuwa umebaki, tabasamu kwa huruma. Mwenye kazi huwa wa mwisho kuielewa.

Hatua ya 4: Itaje Marekani

Hakuna kitu cha Juba kinachopata heshima mpaka kilinganishwe na cha ng’ambo. Kwa bahati nzuri mfano upo. Katika karne ya 19, wanawake wa Maine na wa pwani ya mashariki ya Kanada walichukua magunia ya juti na matambara ya nguo kuukuu, wakayavuta matambara kwa kulabu kupitia matundu ya gunia, wakapata zulia la kuzuia baridi miguuni. Walikuwa watu wasio na uwezo wa kununua zulia la dukani. Mchuuzi mmoja wa Biddeford, Edward Sands Frost, akaanza katika miaka ya 1860 kuwauzia magunia yaliyokwisha kupigwa chapa ya maua na simba, wao wakabakiwa na kazi ya kujaza. Baadaye, kule Newfoundland na Labrador, misheni ya daktari Wilfred Grenfell iliwapa wake wa wavuvi kazi ya kutengeneza mikeka ya namna hiyo kwa soksi za hariri zilizochanika.

Leo kazi hizo zinauzwa kwenye minada na kutundikwa kwenye majumba ya makumbusho. Kilichosuguliwa kwa viatu vya matope sasa hakiguswi bila glavu. Somo kwa mtaalamu ni hili: uzuri wa kazi ya mwanamke maskini huanza kuonekana vizuri zaidi akishakufa. Mafundi wa Juba wana kasoro moja tu, bado wako hai na wanataka kulipwa.

Hatua ya 5: Dai iliyo ya kale

Sokoni Konyo Konyo omba “ya zamani kabisa.” Ukiambiwa haipo, shangaa kwa sauti kwa nini watu hawatunzi vitu vyao. Usijisumbue na kalenda: vita vya Desemba 2013, kisha mapigano ya Juba ya Julai 2016, ambapo familia ziliondoka na kile kilichobebeka. Wengi walivuka kwenda Uganda, na kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa Agosti mwaka huohuo, ikapokea watu zaidi ya 270,000 katika miezi michache. Milaya nyingi zilifika huko zikiwa mafurushi: shuka la wageni limefungwa ncha kwa ncha, ndani yake sufuria na nguo za watoto. Mpiga picha Nora Lorek aliwapiga picha wenyewe wakiwa mbele ya milaya zao, na dunia ikasema kumbe!

Kwa hiyo ukikuta doa, usilalamike. Waambie marafiki kwamba doa linaongeza thamani. Kisha litumie kudai upunguziwe bei.

Hatua ya 6: Piga bei bila haya

Jana ulilipa hoteli zaidi ya dola mia kwa usiku mmoja, chumba kina jenereta dirishani, na hukuomba wakupunguzie hata chai. Leo umewekewa mbele kazi ya wiki kadhaa, pengine miezi, iliyofanywa kati ya kuchota maji na kupika. Huu ndio wakati wa kukumbuka kwamba wewe si khawaja, yaani Mzungu. Sema, “Mama, mimi ni jirani, tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki.” Aliyewahi kuagiza kofia ya viua Zanzibar au Lamu anajua kwamba katika kazi ya sindano mtu hulipia macho ya mwenzake. Mtu huyo usiende naye sokoni.

Hatua ya 7: Tundika, usilalie

Ukifika Nairobi, Kampala au Dar, itie kwenye fremu ya kioo, taa iimulike. Wageni wakisifu, wasimulie habari za Juba. Mama yako asiwepo siku hiyo. Anaweza kukumbusha kwamba ni wewe uliyemfanya aondoe vitambaa vyake vya kufuma kwenye makochi na juu ya televisheni, eti vinakuaibisha kwa marafiki.

Dalili za kufuzu

Jipime. Kama unayakumbuka majina ya Frost, Grenfell na Lorek, lakini jina la aliyekushonea shuka hukuliuliza, hongera, umehitimu.

Ipo njia fupi zaidi, nasi tunaitaja kwa shingo upande. Kaa kwenye kiti cha plastiki utakachopewa, salimu, kunywa chai. Uliza ni nani aliyedarizi na ilimchukua muda gani. Lipa unachoambiwa. Nenda nalo nyumbani, ulitandike kitandani mgeni anapokuja. Ubaya wa njia hii ni mmoja: ukiifuata, hakuna kongamano litakalokualika kutoa mada.