Njema, Ila

Katika pwani yetu mtu hulelewa akijua ya kuwa salamu ni jambo moja na habari ni jambo jingine. Mtu ambaye paa la nyumba yake limechukuliwa na upepo usiku wa kuamkia leo, ukimkuta barazani asubuhi na kumwuliza habari za kulala, hatakosa kukujibu kwanza kwamba ni njema, kisha akakuuliza nawe hali yako, ya watoto na ya wazee, na baada ya hayo yote ndipo atakapovuta pumzi na kusema "ila", na nyuma yake itafuata kadhia nzima ya paa, mvua na godoro lililolowa. Adabu hii ni njema baina ya watu, nami sitaki iondoke abadan. Lakini kazi yangu ni kusimamia mitambo ya kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na huko nimetambua kwamba seva nazo zimeishika adabu hiyo barabara, isipokuwa zenyewe huishia penye "njema", na hiyo "ila" huwaachia wateja waje kuisema dirishani.

Mwezi wa Desemba mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Mike Muuss, aliandika programu ndogo akaiita ping, kwa kufuata mlio wa chombo kinachotumiwa na nyambizi kutambua kilichomo ndani ya maji. Programu hiyo hupiga hodi katika mtambo ulio mbali, na mtambo ukiwa hai huitikia. Haina kazi zaidi ya hiyo. Manufaa yake ni makubwa, na hadi leo fundi aghalabu huanzia hapo, lakini aitikiaye hodi si lazima awe na nguvu za kuondoka kitandani. Mtangulizi wangu, Mola amzidishie heri huko alikokwenda kwa mshahara mnono zaidi, alikuwa ametundika televisheni kubwa mkabala na meza ya Mkurugenzi, ikionyesha kila mtambo wa kampuni kwa taa ya kijani, na taa zote hizo zilitegemea hodi na mwitikio wake, basi. Mkurugenzi alizipenda mno. Wageni walipomtembelea aliwageuzia viti ili wapate kuzitazama wakinywa chai.

Ikatokea siku moja, mwisho wa mwezi, foleni ya madereva na wenye mizigo ikatoka dirishani ikafika barabarani, kwa kuwa programu ya ankara ilikuwa imekwama tangu asubuhi, haitoi ankara wala haikatai kutoa, ilhali huko juu taa zote zilikuwa za kijani. Mkurugenzi alishuka kwa vishindo, akamweleza mwenye mzigo mmoja, kwa upole na taadhima, kwamba mitambo yote ni mizima na yeye mwenyewe ameiona kwa macho yake muda huu huu. Bwana yule, ambaye kontena lake lilikuwa likihesabiwa gharama ya kukaa bandarini kwa kila siku ipitayo, alimjibu kwa maneno ambayo chapisho lenye heshima haliwezi kuyabeba.

Toka hapo tukaacha kuiuliza mitambo hali yake, tukaanza kuitaka kazi. Rai ya wajuzi wa fani hii ni kwamba mtambo uagizwe kutenda amali yake halisi kila baada ya muda mfupi, mwanzo hadi mwisho, kama utendavyo kwa mteja, na matokeo yapimwe. Basi tukaumba mteja wa bandia, tukamwita Bwana Majaribio, na kila dakika tano programu ikawa inamtolea ankara ya shilingi 1,000. Ikitoka, tunajua kazi inakwenda, na isipotoka, simu yangu inalia. Njia hii ni sahihi nami ninaisifu mbele ya kila mwenye biashara, kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba idara ya hesabu iwe na habari. Sisi tulimjulisha Mhasibu kwa barua pepe, na Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, anaamini kwamba jambo la maana huletwa kwa karatasi. Robo ya mwaka ilipokwisha, Mkurugenzi akawekewa mezani orodha ya wadaiwa sugu, na aliyeiongoza alikuwa Bwana Majaribio, mteja aliyehudumiwa usiku na mchana, Ijumaa na Jumapili, Idi na Krismasi, mwenye deni la takriban shilingi milioni 26 na ambaye hakupata kulipa hata senti moja. Barua ya madai ilikwisha kuandikwa kwa lugha ya kisheria, na tarishi alishinda kutwa nzima Kariakoo akiulizia nyumba yake.

Mkurugenzi, imani yake katika taa ikiwa imekwisha kufa, akahamia upande wa pili kabisa, akaamuru kila kitu kipimwe na kila kipimo kikipanda, hata kwa unywele, nipelekewe ujumbe. Tukapima nafasi ya diski, tukapima kumbukumbu, tukapima wino wa printa. Usiku simu yangu haikulala: diski imefika asilimia 80, diski imeshuka hadi 79, diski imerejea 80. Mke wangu, ambaye subira yake ni mashuhuri mtaani petu, alistahimili siku za mwanzo, kisha akaihamishia simu ile kabatini penye vikombe vya wageni, na kila ilipotetemeka vikombe vyote viliitikia. Haukupita muda mlio ule ukawa sehemu ya usiku pamoja na mbu na feni, wala hapana aliyeusikia tena.

Kwa jambo hili mfano mkubwa ni wa kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Programu mpya iliwekwa katika seva saba kati ya nane, na ile ya nane ikasahauliwa na programu yake kuukuu. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kabla soko halijafunguliwa, mitambo iliwapelekea wafanyakazi barua pepe 97 zikiitaja kasoro hiyo, lakini barua za namna ile hazikuhesabiwa kuwa kengele, na hakuna aliyezishughulikia. Soko likafunguliwa, seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kiasi, na kwa muda wa kama dakika 45 kampuni ikapata hasara iliyozidi dola milioni 440. Nilimsomea Mkurugenzi habari hii polepole. Akaniomba nigeuze kiasi kile kiwe shilingi, akazitazama sifuri kwa kitambo, kisha akakubali kwamba usiku usitumwe ujumbe wowote isipokuwa kuna mtu anayelazimika kuamka na kutenda jambo, na mengineyo yangoje ripoti ya asubuhi. Wino wa printa haujapata kumwua mtu.

Kipimo kimoja nilichokataa kukiondoa ni cha joto. ASHRAE, chama cha wahandisi wa Marekani wa mambo ya kupasha na kupoza hewa, kinashauri hewa iingiayo katika seva iwe baina ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Chumba chetu kilikaa katika 22, isipokuwa kila siku ya kazi, mara baada ya adhuhuri, kilipanda hadi 28, na alasiri kikashuka chenyewe kana kwamba hapakuwa na lolote. Fundi wa viyoyozi aliitwa, akaongeza gesi, akalipwa, na joto likapanda kesho yake kwa wakati ule ule. Nililishuku jua la kaskazi, nikaushuku ukuta wa magharibi, nikaishuku hata gesi ya yule fundi. Mwisho niliingia saa nane mchana bila ya kubisha, nikamkuta Mhasibu amejinyoosha mkekani nyuma ya kabati la seva, kikoi kimemfika kidevuni, rimoti ya kiyoyozi i mkononi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, maana pale hapakuwa na neno jingine la kusema.

"Marahaba, mwanangu," akaitika bila ya kufumbua macho. "Chumba chenu hiki kina baridi ya kuua. Mtawauguza watu."

Kando yake palikuwa na chupa mbili za maziwa na keki ya harusi ya mtu, kwa kuwa jokofu la ofisi lilikuwa bovu na kila mtu, ila mimi, alijua mahali pa baridi panapatikana wapi. Sikuandika neno katika ripoti. Nadhani msimamizi wa mitambo, kwa kuwa vipimo vyake humwonyesha mengi kuliko alivyoajiriwa kuyaona, anapaswa kuwa na kifua kama cha daktari. Rimoti tuliitia katika kisanduku chenye kufuli, na Mhasibu akatafutiwa kona yenye upepo wa bahari, ambayo hadi leo anasema haifai.

Ama bakapu, hiyo ndiyo bingwa wa kusema njema. Kila alfajiri ilituletea ripoti ya neno moja, "Imefaulu", na hakuna aliyewahi kuiuliza imefaulu kufanya nini. Tarehe 31 Januari 2017, katika GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, mhandisi mmoja aliyechoka usiku alifuta hazina ya data katika seva ambayo siyo aliyoikusudia. Alipong'amua na kuusimamisha mkono wake, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia nne na nusu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili, na hapakuonekana hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa; na barua pepe za kutangaza kushindwa kwa bakapu zilikuwa zimeandikwa na kutumwa, ila mfumo wa barua ulikuwa ukizikataa mlangoni. Waliokolewa na nakala ambayo mtu mmoja aliichukua takriban saa sita kabla, kwa haja nyingine kabisa. Ninawaheshimu kwa kuwa hawakuficha; waliieleza aibu yao hadharani, na hata kazi ya kuokoa waliionyesha ilipokuwa ikiendelea.

Kwa hofu ya kisa hicho nikaomba idhini ya kurejesha nakala yetu moja katika kompyuta ya pembeni, ili tuone. Mkurugenzi aliona huo ni uchuro, akaniuliza kwa nini niiamshe shari iliyolala. Tukairejesha. Ankara hazikuwamo. Kwa uaminifu usio na kifani bakapu ilikuwa, kwa miaka, ikinakili folda ya zamani ambamo mtu wa idara ya usafirishaji alihifadhi picha za harusi ya binti yake. Na lau jengo lingeungua, kampuni isingejua nani anaidai wala nani inamdai, lakini bibi arusi angesalimika, ubavu na mbele, pamoja na mashangazi wote. Siku hizi tunarejesha nakala kila mwezi, na neno "Imefaulu" haliandikwi mpaka ankara imefunguliwa na kusomwa na mtu.

Likabaki suala la nani amwangalie mwangalizi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Programu yetu ya uangalizi ililiona jambo hilo upesi, ikatuandikia barua pepe ya dharura, na barua ikakaa ikingoja mtandao urudi ili ije itwambie kwamba mtandao haupo. Wakubwa nao yamewafika: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilipotoweka kwa takriban saa sita, zana ambazo wahandisi walizihitaji kwa matengenezo zilikuwa zikipita katika mtandao ule ule uliokufa.

Tukanunua modemu ndogo yenye laini ya simu ya kampuni nyingine na betri yake yenyewe, iwe inatuma ujumbe wa kawaida hata jengo zima likizima. Ilifanya kazi vizuri hadi usiku mmoja umeme ulipokatika, jenereta lisiwake, seva zikazima moja moja, na simu yangu ikakaa kimya. Vocha ilikuwa imekwisha. Kampuni ya simu haikuwa na lawama. Ilituonya mara nyingi kwamba salio linakaribia kwisha, kwa ujumbe ulioingia katika laini ile ile, ndani ya kabati lililofungwa. Vitu vyenye mwisho wa muda ni adui wa kimya: tarehe 6 Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza walikosa intaneti katika simu zao kwa sababu cheti kimoja ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimepitwa na tarehe yake.

Basi nikajaza fomu ya matumizi madogo madogo, nikiomba vocha ya kila mwezi, nikaambatisha maelezo ya kurasa mbili na kuipeleka kwa mkono, kwa karatasi, kama ipasavyo. Imerudi jana. Pembeni Mhasibu ameandika kwa kalamu nyekundu na mwandiko wake mzuri wa kulazwa kwamba deni halifutwi kabla ya mkaguzi wa mwaka kuja, na kwamba idara iliyomleta Bwana Majaribio haitatoa ombi jipya la fedha mpaka mteja wake awe amelipa lile la zamani.