Moyo Haufanyi KCSE

Mgonjwa wa Kenyenya akipewa barua ya kwenda Kisii mjini kupigwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ukoo mzima hugeuka kamati ya maandalizi. Jirani aliyewahi kupimwa nyongo anamwamuru asile kitu tangu jana jioni. Shemeji aliyepigwa picha ya mimba anamwambia anywe maji mengi na asithubutu kwenda msalani. Mtu anapanda matatu alfajiri tumbo tupu, kibofu kimejaa, akiomba barabara isiwe na matuta. Dai langu ni kwamba vituko vingi vya siku hiyo haviletwi na mtambo wala ugonjwa; vinaletwa na kanuni za vipimo vingine. Nyongo hujikunja mtu akila, ndiyo maana anayepimwa nyongo hufunga. Kibofu kilichojaa husaidia kuonyesha mji wa mimba wakati mimba ingali changa. Lakini moyo hutazamwa kupitia nafasi za katikati ya mbavu, na uji wa wimbi hauna njia ya kufika huko.

Wapo watakaosema kufunga ni tahadhari tu, hakudhuru mtu. Kunadhuru. Mwenye kisukari anaweza kuishiwa nguvu kwenye foleni, na anayefunga mara nyingi huacha na dawa za presha, kisha picha ikaonyesha moyo unaohangaika kuliko kawaida yake. Ipo eko inayotaka mtu afunge saa kadhaa, kama ile ambayo kifaa hupitishwa mdomoni hadi kwenye umio, lakini huyo huambiwa waziwazi na daktari, si na shemeji. Wengine wote na wale chakula, wameze dawa zao kama kawaida isipokuwa daktari amesema vingine, na wakojoe kwa amani.

Kanuni nyingine hutoka kanisani: kwa daktari mtu huenda amependeza. Hapo ndipo gauni la Jumapili lenye zipu mgongoni linapomwaibisha mwenyewe, kwa sababu kifua lazima kibaki wazi, na gauni la namna hiyo halijui kufunguka nusu. Blauzi na sketi zingemaliza shauri. Mafuta ya kujipaka nayo, yale ya kung'aa hadi shingoni, hufanya vibandiko vya waya viteleze. Kuna anayeuliza kama si aibu mama wa watu kulazwa kifua wazi mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Ni swali la haki, na jibu lake ni kuomba shuka na mtu wa kukaa naye; kukimbia kipimo hakumsitiri mtu. Ule ute baridi unaopakwa, ambao wengi huufuta wakidhani umemwagika kwa bahati mbaya, ndio unaofukuza hewa kati ya ngozi na kifaa. Sauti inayopiga picha hiyo haipiti vizuri kwenye hewa, hata ile ya mapafuni, ndiyo maana pia mtu hulazwa kwa ubavu wa kushoto na kuambiwa atoe pumzi, abane. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza kazi hii huko Lund, Sweden, mwaka 1953, waliazima mtambo wa kutafutia nyufa ndani ya chuma. Chuma hakikuwahi kuuliza kama kifunge kula kwanza.

Kisha inawaka skrini, na kila mtu anakuwa mtaalamu. Nyekundu inaonekana, mgonjwa anatabasamu. Bluu ikitokea, anaanza kugawa mashamba. Rangi hizi si vyama vya siasa. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayokijia kifaa na bluu ni ile inayokwenda mbali nacho, na moyo mzima huonyesha zote mbili. Mvumo wa upepo unaosikika si tundu linalovuja. Ni mwendo wa damu uliogeuzwa sauti. Lakini linalovunja wengi ni ile namba. Karatasi inasema asilimia 60, na katika nchi ambayo mtoto wa 60 huulizwa 40 zimeenda wapi, familia inanyamaza kama matangani. Namba hiyo hueleza sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha kushoto husukuma nje kwa kila pigo. Hata moyo wenye afya hausukumi yote. Kati ya 55 na 70 hivi ni kawaida. Anayetaka 100 anataka moyo unaojikamua hadi tone la mwisho.

Utasema basi mpimaji angeeleza haya palepale badala ya kukodolea skrini kimya, uso mkavu. Pengine. Lakini mara nyingi kazi yake ni kupima vali na kuta, na tafsiri ni ya daktari aliyeandika barua, anayejua miguu imevimba tangu lini na kama utotoni kulikuwa na homa ya baridi yabisi. Kimya chake si hukumu, anahesabu. Swali lenye faida hapo ni moja: ripoti nitaichukua wapi, na ile ya mwaka jana niliyokuja nayo, nimpe nani ailinganishe?