Safu ya Mshauri: Kiambaza cha Mama Mkwe

Bwana Mshauri, ninajenga nyumba mpya ya mbao hapa Rumangabo, kando ya barabara iendayo Rutshuru, na chumba chetu kitapakana na cha mama mkwe. Katika nyumba ya sasa husikika mngurumo usiku kucha; mwanzoni nilidhani ni wale gorila yatima wa kituo cha Senkwekwe, kumbe ni mama. Fundi asema nigongelee trei za mayai ukutani. Je, zatosha?
Mkwe Mwenye Adabu

Bwana Mkwe, trei za mayai zafaa kubebea mayai. Ukizigongelea ukutani zitapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba zilimo, lakini sauti iendayo chumba cha pili haitajua hata kama zipo, kwa maana kinachoizuia ni uzito wa ukuta na ukamilifu wa kuziba kwake, na trei haina hata moja ya sifa hizo. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili huzuia takriban desibeli 6 zaidi, faida isiyo haba. Ila mbao za mkaratusi zipigiliwazo mbichi hukauka zikaachana, na mwanya wa sehemu 1 katika 100 ya eneo la kiambaza hukifanya kisizuie zaidi ya desibeli 20, ijapokuwa sehemu 99 zilizosalia ni jiwe tupu.

Fauka ya hayo, mwizi mkubwa wa faragha yako yuko juu. Mafundi wetu wamezoea kukifikisha kiambaza kwenye usawa wa dari wakakiacha hapo, na chini ya manjanja, yaani mabati ya paa, kukabaki uwazi mmoja toka sebuleni hadi jikoni; basi mkoromo hupanda, ukaipenya triplex ya dari, ukatembea humo kama mgeni aliyekaribishwa, kisha ukashuka kitandani pako. Mwamuru fundi akipandishe kiambaza hicho hadi kwenye manjanja na kuziba kila upenyo wa migongo ya mabati hayo, nawe upande ngazi ukajionee, kwani jibu la "ndiyo, bosi" halijapata kuziba tundu.

Na kwa kuwa milima yetu ya moto imekwisha kutuletea mawe bila ya kutudai nauli, kijenge kiambaza hicho kimoja kwa mawe ya volkano, juu ya msingi wake chenyewe, nyumba iliyobaki iwe ya mbao upendavyo. Hadhari: jiwe hilo aghalabu lina vitundu tele na pumzi hupita ndani yake, hivyo lipigwe lipu pande zote mbili, wala usikubali kuambiwa kwamba upande wa mama watosha. Wazee wa Unguja na Lamu, waliojenga kwa matumbawe na chokaa kuta za unene wa nusu mita au karibu yake, walibanwa na urefu wa boriti za mikoko hata vyumba vyao vikawa vyembamba, lakini siri zao zilikaa mahali pake.

Milango ya vyumba hivyo viwili isitazamane, na kila mmoja uwe na kizingiti, kwa sababu upenyo wa kidole gumba chini ya mlango hubatilisha kazi yote ya mwashi.

Bwana Mshauri, mume wangu ndiye aliyekuandikia. Mama hakoromi, husali kwa sauti ya chini, akalala. Mkoromaji ni mwandishi wa barua. Kiambaza chako kitanifaa nini mimi niliye upande wake?
Binti wa Mama

Bibi, hakitakufaa kitu, kwa kuwa sijapata kusikia mwashi aliyejenga ukuta katikati ya kitanda. Shauri langu la kwanza silitangui: kijengwe kwa mawe, kipigwe lipu pande mbili, kifike kwenye manjanja, na gharama alipe mumeo. Kikishakauka, wewe na mama mlale chumba kimoja.