Namna ya Kulihoji Jagi la Umeme Kabla Halijachoma Soketi

Baridi ya Juni na Julai ikitanda kwenye miinuko ya Mbulu, jagi la umeme hapa Nambis hugeuka mkuu wa kaya. Anayeamka hulikimbilia kabla hajawaamkia wazazi. Mwenye cheo kikubwa hivyo sharti ahojiwe.

Anza na kibandiko kilicho kitakoni mwake. Kikisema volti 230 na wati 2,200, gawa wati kwa volti: ampea 9.6 hivi. Huo ndio mkondo linaovuta. Sasa gawa volti 230 kwa ampea hizo, upate omu 24, ukinzani wa koili yake. Mjerumani Georg Ohm aliichapisha kanuni hii mwaka 1827, na mtoto wa sekondari anaimaliza nyuma ya daftari.

Rudi kulihoji saa moja jioni, mtaa mzima unapopika na kuwasha taa. Tuseme umeme umeshuka hadi volti 180. Maji yanachelewa kuchemka, na mwenye nyumba anaanza kulitukana jagi kuwa limezeeka. Analionea. Ukinzani ni uleule: 180 gawanya kwa 24 ni ampea 7.5, na 7.5 mara 180 ni wati 1,350. Volti zimepungua asilimia 22, lakini nguvu imepungua karibu asilimia 40, kwa kuwa mkondo nao umeshuka. Jagi jipya la aina hiyohiyo litachelewa vilevile, kwa hiyo hela yako iache mfukoni. Friji ndiyo ya kuhurumia: mota yake ikilemewa na volti pungufu huweza kuvuta mkondo mkubwa zaidi hadi ikaungua. Ichomoe.

Sasa njoo kwenye ekstensheni, na hapa sitamwonea mtu haya. Juu yake kuna jagi, na pembeni pasi ya wati 1,000. Jumla ni wati 3,200, yaani karibu ampea 14 kwenye plagi ya ampea 13. Fyuzi inaweza kuvumilia ziada hiyo ndogo muda mrefu, huku waya mwembamba ukipata joto. Fyuzi ikikatika, anatokea fundi wa "itashika tu" na kipande cha msumari. Msumari ni wa kupigilia mabati! Ukiuweka mahali pa fyuzi, umemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi funguo.

Hatari nyingine imejificha kwenye skrubu iliyolegea ndani ya soketi. Ukinzani wa nusu omu tu mahali hapo, ukipitiwa na ampea 14, unakula volti 7. Zidisha 7 kwa 14: wati 98 za joto, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100, zimefungiwa ndani ya plastiki iliyogusana na ukuta. Watoto wamelala chumba cha pili. Hili linanikera kwa sababu dawa yake ni bisibisi na dakika chache, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu.

Kwa hiyo ukimaliza kuchemsha chai, gusa mwili wa plagi ungali ndani ya soketi. Ukiwa wa moto, zima, acha kuitumia soketi hiyo, mwite fundi, na kabla hajafungua begi lake muulize 7 mara 14 ni ngapi.