Heri Mashine Inayojizima

Kabla sijaongeza RAM, kompyuta yangu ilikuwa na giga 4, ikijikokota kama mkokoteni wenye pancha, na haikuwahi kujizima hata siku moja. Sasa ina giga 12. Inakimbia, na kila baada ya robo saa hivi inaniletea kioo cha buluu. Wenzangu wanaitukana, mimi naomba niisifu.

Ina huruma, tuanzie hapo. Kioo hicho huja na kiuso cha huzuni, kilichoanza na Windows 8 ya mwaka 2012. Nimeshanyimwa mkopo, nimeshakatiwa umeme, na hakuna aliyejisumbua kunisikitikia. Tena imenirudisha kwenye ibada: siku hizi nahifadhi kazi kila baada ya sentensi, kama mzee na tasbihi yake.

Uchongezi wake ndio unaonivutia zaidi. Leo kosa ni la kadi ya michoro, kesho la printa, keshokutwa la kivinjari. Nimepiga Windows upya mara mbili, wapi! Kumbukumbu ya RAM inapoyumba ni kiti kibovu cha daladala: anayeanguka ni yeyote aliyekikalia, na lawama anabeba yeye.

Na ni nani mwingine angenikesheza nikiitazama MemTest86, programu ya kupima RAM, kama fainali ya kombe? Nilichomoa kipande kipya, nikakiacha cha zamani: safi hadi alfajiri. Usiku wa pili nikaweka kipya peke yake kwenye tundu lilelile: safi. (Muuza duka niliyekulaani moyoni siku nne nzima, niwie radhi ndugu yangu.) Kisha nikakihamishia tundu la pili, ambalo lilikaa tupu tangu mashine inunuliwe. Chai haijapoa, mistari myekundu ikaanza kumiminika.

Nikamulika kwa tochi ya simu. Pembeni mwa meno ya tundu kulikuwa na kifuko cha mayai ya mende, kikavu, rangi ya tende, kimejibanza kama mpangaji asiyelipa kodi. Nikakitoa kwa kijiti, nikapiga mswaki tundu lote, nikasugua miguu ya dhahabu ya RAM kwa kifutio cha penseli, nikarudisha vipande vyote viwili.

Wiki ya tatu hii haijajizima. Mhariri anapiga simu kuuliza makala, nami sina tena cha kumwambia.