Namna ya Kuikwamisha Seva Bila Kutoa Jasho

Anza na OpenSSL ya zamani, ile maktaba ya usimbaji fiche iliyojaa kwenye seva za dunia nzima. Toleo la 1.1.1m linafaa mno. Likwepe 1.1.1n kama mdai, maana lilitoka tarehe 15 Machi 2022 likiwa na dawa ndani. Walio kwenye 3.0.1 wasithubutu kufika 3.0.2. Bosi akiuliza habari za kusasisha, mjibu: mfumo unafanya kazi, wa nini kuuchokoza?

Kisha iagize seva iwadai wageni vyeti, ukae usubiri. Mgeni wetu hana nywila wala haihitaji. Cheti chake kina vipimo vya mkunjo wa kihesabu alivyojitungia, na nukta moja iliyoandikwa nusunusu; nusu ya pili seva ijitafutie. Kuitafuta ni kukokotoa kipeuo cha pili, kazi ya kipande cha msimbo kiitwacho BN_mod_sqrt. Maskini huyu anaamini kwamba namba ya kugawanyia aliyopewa ni namba tasa. Si tasa. Basi anazunguka kama ngamia kwenye kinu cha ufuta, ila ngamia jioni hufunguliwa.

Utamu wenyewe uko hapa: cheti huchambuliwa kabla saini yake haijakaguliwa. Ni sawa na mlinzi wa getini anayekaa chini kupiga hesabu zote zilizoandikwa kwenye kitambulisho, ndipo atazame kama kina muhuri. Mgeni hana hata haja ya kughushi.

Seva yako haidai vyeti? Usife moyo. Programu yako ikienda kubisha hodi kwa seva ya mtu mwovu, itakabidhiwa cheti hichohicho.

Aliyetuharibia starehe ni Tavis Ormandy wa Google, aliyewaripotia wenye maktaba kasoro hii tarehe 24 Februari 2022.

Sasa tazama orodha ya michakato: mmoja umekamata kiini kizima cha prosesa, asilimia 100. Logi kimya; hakuna kosa la kuandika, hesabu bado inaendelea. Wala hakuna kitakachoibwa. Siri za wateja zitabaki salama ndani, na wateja watabaki nje. Bosi akipiga simu, usimdanganye: mwambie seva ipo, ina shughuli kidogo.