Lori Lililopaki Matopeni

Tangu Agosti 30, 1978, nchi yetu ya Kongo (DRC) ina sheria ya barabarani nambari 78-022, na kwa jambo hili haina lawama: usisimamishe gari pale linapozibia wengine njia. Swali ni moja tu: kwenye barabara ya kutoka Kasongo hadi Kabambare, nani mvunjaji mkubwa wa sheria hiyo? Mvua ikikaza, lori hukwama katikati ya njia, tairi zimezama hadi ekseli, msaidizi wa dereva amelala uvunguni juu ya mkeka, sufuria ya sombe inachemka kando. Nyuma yake, baiskeli zenye bidoni za mawese zinatafuta pa kupita porini. Hakuna anayeliandikia lori hilo faini. Kwa haki, karatasi ingepelekwa kwa mwenye barabara, na mwenye barabara ni serikali.

Mtasema mjini ni mambo mengine: pikipiki zikiachwa ovyo mbele ya soko, mama mwenye beseni la ndizi kichwani apite wapi? Kweli kabisa. Lakini katazo lina alama yake: duara la buluu, ukingo mwekundu, na mstari mwekundu wa mshazari. Pasipo duara hilo, mwenye pikipiki hulijua katazo anaposikia firimbi ya polisi, na sheria inayojificha hadi firimbi ilie ni mtego. Basi wekeni kibao kwanza, kisha tozeni faini kwa risiti. Na wa kwanza kuandikiwa awe mwenye matope.